Kilo Sita za Usiku

Mizani ya kliniki ya figo ilipenda kuchezacheza kabla ya kusema neno lake. Ilianza themanini na nne, ikaruka themanini na nane, kisha ikatulia kwenye themanini na sita. Ilikuwa namba ileile ya mwezi uliopita, na ya mwezi wa kabla yake. Mtaalamu wa lishe, msichana mwenye miwani na upole uliozidi kipimo, aliiandika kwenye faili, akalaza kalamu, akavuta kiti chake karibu.

"Mama yangu, hebu tuwe wakweli," alisema. "Unakula nini usichoniambia?"

Mwanamke aliyekuwa juu ya mizani aliteremka polepole, akavitafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Hospitali nzima ilimwita Dada Pasi, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amesimamia pasi kubwa ya mvuke katika chumba cha kufulia cha hospitali hiyohiyo, ile inayomeza shuka upande mmoja na kuitoa upande wa pili imenyooka kama karatasi. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka zamu ya usiku saa moja, akavuka ua, akaja kupimwa huku nguo zake zikinuka sabuni na macho yakimwasha.

"Nimekuandikia kila kitu kwenye daftari, mwanangu," alijibu. "Hata pipi niliyopewa msibani nimeiandika."

"Basi kilo zinatoka wapi?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe uliyesomea."

Msichana alitabasamu kama watu wanaotabasamu mbele ya mwongo wasiyetaka kumwaibisha, akampa karatasi mpya. Kifungua kinywa saa moja na nusu asubuhi. Chakula cha mchana saa saba. Cha jioni saa kumi na mbili, na baada ya hapo maji matupu. Dada Pasi aliikunja akaitia mkobani, zikawa nne. Saa moja na nusu asubuhi, akiwa zamu ya usiku, yeye huwa anavua viatu alale. Saa kumi na mbili jioni ndiyo kwanza anapiga mswaki. Karatasi ile ilikuwa ya mtu mwingine, mtu anayelala giza likiingia na kuamka jua likichomoza.

Ingekuwa ni mambo ya kutafuta umbo, angezichana zote nne hapohapo mlangoni. Lakini alikuwa na mdogo wake, aliyemfuata ziwa, mchora mabango ambaye nusu ya maduka ya mji yaliandikwa kwa mkono wake, na figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mwaka wa pili sasa alikuwa akilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Ndugu walipimwa mmoja mmoja. Kaka yao mkubwa ana kisukari. Shangazi amepita umri. Binti wa Dada Pasi hajafikisha miaka. Akabaki yeye, na damu yake ikalingana na ya mdogo wake vizuri mno, daktari mpaka akapiga meza kwa furaha. Kisha akamtazama juu mpaka chini na furaha ikapungua.

"Ufike kilo themanini au chini yake," alisema, "na presha na sukari zitulie. Siwezi kumpasua mtu mzima nimponye mgonjwa, halafu mwaka kesho huyo mzima awe ndiye mgonjwa wangu."

Kilo sita, basi. Wengine huzibeba kiunoni maisha yao yote na hakuna anayewauliza. Hizi za Dada Pasi zilikuwa zimekaa kati ya mdogo wake na uhai, na kila mtu alizijua kwa hesabu, mpaka muuza vocha wa getini.

Sasa sikiliza alivyokuwa akiishi, ndipo umhukumu kama unaweza. Hospitali haikosi mashuka machafu, kwa hiyo chumba cha kufulia hakifungwi. Msimamizi wao, mtu mnene wa shingo aliyependa haki kuliko watu, aliitwa Bwana Ratiba, na ratiba yake ilikuwa hivi: siku nne zamu ya asubuhi, siku nne ya mchana, siku nne ya usiku, siku moja ya mapumziko, kisha mnaanza upya. Alijivunia sana mpango huo. Kila mtu anaonja kila zamu, alisema, hakuna mtoto wa kambo. Kilichomshinda kuona ni kwamba mwili wa mtu huchukua siku kadhaa kuizoea zamu, na ukikaribia tu kuizoea, anakuhamisha.

Nyumbani alikuwa na vyumba viwili, yeye na binti yake wa kidato cha tatu, na ukuta wao wa kulala ulikuwa pia ukuta wa karakana ya fundi seremala. Fundi mwenyewe mtu mwema, mwenye salamu na heshima, lakini msumeno haujui jirani katoka kukesha. Dada Pasi akijilaza saa mbili asubuhi, msumeno unaanza saa mbili na nusu. Akishapata usingizi wa mang'amung'amu, anagongewa: muuza mkaa, mtoto wa jirani anaomba chumvi, mtu amepotea njia. Saa saba mchana anaketi kitandani kichwa kizito, hana njaa, hana usingizi, hana hamu ya kumwona mtu. Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliyelala pia hamjui aliyekesha, na ndiye anayepanga saa za kula.

Alikula, naam. Hakuficha. Saa nane usiku jikoni waliwaletea watu wa zamu mkate na chai ya sukari, na wakati huo baridi ya ajabu ilimpanda mgongoni ingawa pasi ilikuwa inafuka mvuke, na mkono ulijinyoosha wenyewe. Vipande vitatu, vikombe viwili. Vyote viliandikwa kwenye daftari la kliniki, lenye safu ya chakula na safu ya kiasi. Safu ya saa haikuwapo.

Mwezi wa tatu ulipopita bila gramu kupungua, kaka mkubwa aliita kikao. Walikusanyika sebuleni kwake, watu watano na birika la chai ambalo Dada Pasi hakuligusa kwa sababu alijua linatazamwa.

Shangazi ndiye aliyefungua. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na alizungumza na watu wazima kama wanaochelewa kuleta madaftari.

"Mwanangu, kama hutaki kutoa figo, sema. Hakuna atakayekutafuna."

"Nani kasema sitaki?"

"Mwili wako ndio unasema. Kila siku sili, sili. Umeona wapi mti usiomwagiliwa maji unanenepa?"

"Shangazi, mnadhani nafanya makusudi?"

"Hakuna aliyesema hivyo," kaka mkubwa aliingilia.

"Mmelisema, ila mmezunguka mbuyu. Semeni tu nijue."

Kaka mkubwa alijimiminia chai. Mchora mabango alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mkono wa kushoto umevimba pale wanapochoma sindano, akitazama zulia. Dada Pasi alimngojea amtetee, hata kwa neno moja. Alikuwa amembeba mgongoni mtoto huyu, amempigia hesabu za shule, ameuza cherehani yake ili aanze kazi ya rangi. Mdogo wake hakufungua kinywa. Maneno ya shangazi angeweza kuyasahau, lakini ukimya ule alirudi nao nyumbani.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za shangazi zilikuwa nyingi. Kesho yake alivaa vizuri, akaenda chumba cha kufulia, akaomba kumwona msimamizi. Alipomwona akacheka. Bwana Ratiba alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la tatu, yule aliyekuwa akikaa dawati la nyuma na kamasi. Msimamizi akasimama wima kama kengele imelia.

"Nisikilize, baba," shangazi alimwambia. "Dada yenu ana shida ya mdomo. Mchana tukimweka nyumbani tutamlinda sisi, mboga, mazoezi, macho yetu juu yake. Usiku jiko gani liko wazi? Anayefanya kazi usiku hana chungu. Mpe usiku. Usiku mtupu, bila kumbadilisha."

"Ndiyo, mwalimu," akasema Bwana Ratiba.

Kweli alifanya. Ratiba mpya ilibandikwa na jina la Dada Pasi limewekwa usiku wa kudumu, na wenzake kumi wakapumua. Msimamizi mwenyewe aligundua kwamba mambo yamekuwa mepesi ajabu: mtu mmoja amebeba usiku wa pasi, wengine wanagawana mchana, hakuna malalamiko. Alishangaa kwa nini hakulifikiria miaka yote hiyo. Dada Pasi alipokwenda kulalamika, aliambiwa ni ombi la familia yake, na tena la mwalimu.

Shangazi akahamia kwake na sanduku. Saa nne asubuhi anamtikisa bega: "Amka, jua linakupita." Saa nne na nusu wanatembea kuzunguka uwanja wa shule, mmoja amelala usingizi miguu ikienda, mwingine anahesabu mizunguko kwa sauti. Saa sita bakuli la mboga zisizo na mafuta. Saa nane msumeno. Saa tatu usiku kazini. Binti yake aliwahi kumkuta amesimama mbele ya kabati na mswaki mdomoni, macho yamefumba, na hakujua acheke au alie. "Bibi, mwache mama alale," binti alisema. Akajibiwa kwamba kulala ndiko kunakonenepesha, muulize nguruwe.

Miezi miwili ya ulinzi huo, mizani ikasema themanini na tisa.

Presha ilikuwa imepanda. Sukari imepanda. Daktari hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema atalipatia faili lake miezi sita ya mwisho, na baada ya hapo ataliondoa kwenye orodha ya watoaji, mdogo wake aendelee na mashine mpaka itakapojulikana vingine. Alisema "vingine" kwa sauti ya chini, na Dada Pasi hakuuliza ni vipi.

Alitoka nje, akaketi kwenye benchi la ukumbini, akalia. Si machozi ya huzuni. Alilia kwa hasira, kwa sababu alikuwa amefanya kila aliloambiwa na kila mtu, na kila mtu alimtazama kama mwizi wa sufuria.

Muuguzi mkuu wa kliniki, mama wa makamo aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alikuwa akipita na trei. Alisimama.

"Dada, unalala saa ngapi?"

Dada Pasi aliinua kichwa. "Unasemaje?"

"Nimekuuliza unalala saa ngapi. Na huo mkate wa kwenye daftari unaula saa ngapi?"

Miezi mitano ya kliniki, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza. Akamweleza yote, zamu, msumeno, shangazi. Muuguzi aliweka trei chini, akaketi, akalichukua lile daftari na kuanza kuandika saa pembeni ya kila mlo kadiri Dada Pasi alivyokumbuka. Ukurasa ulipojaa walitazamana. Karibu chakula chote kilikuwa kimeliwa kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri.

"Mwili una saa yake humo ndani," muuguzi alisema. "Hausomi ratiba ya ukutani. Usiku unajua ni wakati wa kufunga kazi. Kongosho linalegea, sukari uliyokula inachelewa kutoka kwenye damu. Mkate huohuo ungeula saa mbili asubuhi umelala vizuri, mwili ungeupokea vingine. Na asiyelala njaa yake humdanganya, humfanya atamani vitamu tu."

"Kwa hiyo si uchoyo wangu?"

"Sisemi mkate hauhesabiki. Wala sikuahidi muujiza. Wapo walinzi wamekesha miaka ishirini na ni wembamba kama ufito. Lakini wengi hawawezi, na wewe huwezi. Umekuwa ukipanda kilima, wenzako wanakuhesabia hatua kama uko tambarare."

Dada Pasi aliishika mikono ya yule mama, asijue amshukuru au amgombeze kwa kuchelewa.

Muuguzi alipompelekea lile daftari, daktari aliandika barua: mfanyakazi huyu apewe kazi ya mchana tu, saa zisizobadilika, mpaka upasuaji. Kutoka kliniki ya figo mpaka chumba cha kufulia ni hatua mia mbili, hata mtoto anaweza kurusha jiwe likafika. Barua ilichukua siku kumi na tisa. Ilipitia utawala, ikapitia utumishi, ikakaa juu ya meza ya mtu aliyekuwa likizo. Hospitali iliyomwambia alale usiku ndiyo hospitali iliyompanga akeshe usiku, na ofisi zake mbili hazikuwa na salamu. Kila siku Dada Pasi alikwenda kuuliza, na kila siku aliambiwa iko njiani.

Ilipofika, Bwana Ratiba aliisoma mara mbili.

"Lakini mwalimu alisema usiku."

"Daktari anasema mchana."

"Pasi ya mchana ina watu wake. Nikikutoa usiku, nafasi ya mchana tupu iliyobaki ni moja. Machafuni."

Machafuni ndiko mashuka yanakopokelewa kutoka wodini na kuchambuliwa kwa mkono, yenye damu huku, yenye kinyesi huku, na kila baada ya muda unakuta sindano mtu aliyoisahau. Dada Pasi alianzia huko enzi za ujana na kuapa hatarudi. Pasi ilikuwa ujuzi. Alijua kwa kusikiliza tu mvuke umepungua, alijua shuka ipi itakunjamana kabla haijaingia. Madaktari wapya walikuja kumwomba awanyooshee makoti.

"Nitakwenda machafuni," alisema.

"Sawa. Lakini barua inasema mpaka upasuaji. Nitaweka kibarua usiku kwa muda. Ukishapona unarudi kwenye pasi yako, usiku wako."

Alilisikia hilo vizuri kabisa. Alilisukuma pembeni, kama mtu anavyosukuma mfupa kando ya sahani ale nyama kwanza.

Nyumbani alimkuta shangazi ameshika bakuli la mboga. "Shangazi, nakuheshimu," alimwambia, "umenilea na nimekula mkononi mwako. Lakini kuanzia leo, saa tatu usiku taa inazimwa, na asiniamshe mtu mpaka saa kumi na moja na nusu. Anayetaka kunihesabia mizunguko anisubiri jioni." Shangazi aliliweka bakuli mezani. Wiki hiyohiyo sanduku lilirudi kwake.

Usidhani mambo yalinyooka. Mwezi wa kwanza mizani haikusogea, na ikamjia hamu ya kuing'oa sakafuni aitupe dirishani. Usingizi wenyewe uligoma, alikuwa akizinduka saa nane usiku, mwili unangoja chai. Binti yake aliamka akaketi naye, wakanywa maji gizani kama watu wanaomlaghai mtoto mwenye njaa. Wiki ya sita ndipo alipolala usiku mmoja bila kugeuka, fofofo, akaamka na njaa ya asubuhi, njaa ya kweli, ambayo hakuwahi kuisikia tangu ujana. Siku hiyo alitoa moja ya zile karatasi nne mkobani, akaifuata mstari kwa mstari. Kifungua kinywa saa moja na nusu. Kumbe ilikuwa karatasi nzuri tu, ilimkosa mtu wa kuitumia.

Mwezi wa pili kilo mbili. Wa tatu moja na nusu. Alitembea jioni akiwa macho. Presha ikashuka, sukari ikashuka, fundi seremala akamwuliza kama anaumwa. Machafuni mikono ilimchubuka na harufu haikutoka hata kwa ndimu, na wale madaktari wapya walipompita walidhani ni mtu mwingine. Aliyekuja kumwona kila siku ni Mama Pacha, mkunja mashuka waliyekuwa wakifanya naye kazi bega kwa bega, mwanamke mdogo mwenye mapacha wasiofika mwaka. Alimletea habari za pasi kama mtu anayemletea mgonjwa habari za kijijini: leo imekunjamanisha mashuka sita, leo imelia, leo imekataa kuwaka, inakutaka wewe.

Mwezi wa sita mizani ilichezacheza kama kawaida yake, ikatulia: sabini na tisa na nusu. Mtaalamu wa lishe alipiga makofi. Shangazi, alipopata habari, alisema mboga zake zilikuwa zinangoja tu muda.

Siku ya kutia sahihi, daktari alimwita Dada Pasi peke yake, kama sheria inavyotaka, akamwuliza kama kuna aliyemlazimisha. Akamkumbuka shangazi na birika la chai. Akasema hapana, na alikuwa anasema kweli. Akatia sahihi, akavuka kwenda wodi ya mashine kumpelekea mdogo wake karatasi zake.

Mchora mabango alikuwa amelala kwenye kiti kirefu, mirija miwili mkononi, damu inatoka na kurudi. Karatasi zilikuwa kifuani mwake na kalamu juu yake. Hakuwa ametia sahihi.

"Mama Pacha alipita hapa asubuhi kuleta mashuka," alisema. "Kafurahi sana. Anasema kibarua anaondoka, na yeye alikuwa anaogopa atapangwa usiku na watoto wake wananyonya, lakini sasa ametulia, kwa sababu ukipona wewe unarudi usiku. Moja kwa moja. Ni kweli?"

"Hayo ni mambo ya kazini. Tia sahihi."

"Ni kweli au si kweli?"

"Tia sahihi bwana! Nimekonda miezi sita, nimechambua vinyesi vya watu wasionijua, shangazi kaniita mwizi na wewe umekaa pale hukunena kitu! Leo ndiyo umepata ulimi?"

Wagonjwa wa viti vingine waligeuka. Mdogo wake alimngoja amalize.

"Sikunena kwa sababu niliona aibu," alisema. "Nilikuwa nataka figo yako, dada, na ningekutetea wangesema basi asitoe. Nikanyamaza nisiipoteze. Najua nilichofanya." Akavuta pumzi. "Lakini nilikuona ulivyokuwa kwenye ule usiku. Presha, sukari. Ukirudi kule una figo moja, baada ya miaka kumi utakuwa kwenye kiti hiki. Mimi umenipa wewe. Wewe atakupa nani?"

Dada Pasi aliwahesabu ndugu kichwani. Kaka ana kisukari, shangazi mzee. Akamfikiria binti yake, ambaye miaka kumi ijayo atakuwa na umri wa kupimwa.

"Ukiniambia hurudi usiku, natia," alisema mdogo wake. "Vinginevyo sitii."

Akatoka bila kuaga. Alizivuka zile hatua mia mbili karibu kwa kukimbia, akaingia ofisi ya Bwana Ratiba bila kubisha hodi.

"Sirudi usiku," alisema. "Nikitoka hospitali naanza mchana. Niache machafuni mpaka nistaafu, nimekubali. Pasi mpe unayemtaka. Ukikataa, nitamleta daktari, na nitamleta mwalimu."

Alikuwa amejiandaa kwa vita. Bwana Ratiba alitazama ratiba ya miezi ijayo iliyokuwa mbele yake mezani, akakuna shingo.

"Machafuni moja kwa moja? Umeamua?"

"Nimeamua."

"Basi haina ugomvi."

Akachukua kifutio, akalifuta jina lake kwenye mstari wa usiku wa kudumu. Akapuliza vumbi. Mstari haukuweza kubaki mtupu, na hakufikiri sana. Dada Pasi alisimama pale akimtazama anavyoandika, herufi moja moja, na kabla hajamaliza neno la pili alikuwa ameshajua ni nani. Alikuwa na maneno kooni, kwamba huyu ananyonyesha, kwamba mpange mwingine, kwamba rudisheni zile siku nne nne. Aliwaza mdogo wake na kalamu juu ya kifua. Kama angeanza ugomvi mpya, huenda msimamizi angeirudisha ratiba kama ilivyokuwa.

"Asante," alisema.

Mama Pacha alikuwa nje ya mlango, ameshika rundo la mashuka safi, roho mkononi, akidhani kilichoombwa mle ndani ni ruhusa ya upasuaji tu.

"Amekubali?"

"Amekubali."

Mama Pacha alitupa mashuka yote juu ya meza, akamkumbatia kwa nguvu, akicheka na kulia, akisema Mungu ni mkubwa, mdogo wako atapona.